Dawa ya moyo inanipasua kichwa, na mwanangu aliyeko Maskati hajui

BARUA

Dada mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 56, mkazi wa Tanga. Ni mjane na ninaishi kwa biashara ya chakula. Alfajiri napika vitumbua na maharage ya nazi, mchana wali, na ukiingia mwezi wa Ramadhani nauza futari kuanzia alasiri. Nina watoto wawili. Wa kiume yuko Morogoro na mkewe na watoto, naye anabangaiza. Wa kike ndiye tegemeo langu. Yuko Maskati, anafanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili, na mwaka wa kwanza ndiyo kwanza umeisha.

Mwaka jana nilianza kubanwa na kifua kila nikinyanyua sufuria kubwa au nikitembea haraka kuwahi soko. Maumivu yanaanzia katikati ya kifua, yanapanda mpaka kwenye taya, pumzi inakata. Nikikaa kidogo yanaondoka. Nilidhani ni vidonda vya tumbo, nikawa nameza dawa za vidonda. Nilipofika hospitali wakanipima umeme wa moyo na damu, daktari akaniambia ni anjaina, kwamba mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba na moyo unalia njaa ya damu ukipewa kazi. Akaniandikia dawa ya presha, asprini ndogo, dawa ya mafuta kwenye damu, vidonge vya isosobidi mara mbili kwa siku, na vidonge vidogo vya nitrogliserini vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Akasema pia niende Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakaniangalie mishipa vizuri. Huko sijaenda.

Dada, hii isosobidi inanitesa. Haipiti nusu saa tangu nimeze, kichwa kinaanza kupwita pande zote mbili, uso unawaka, mwanga siutaki. Nikiinama kuchochea mkaa nahisi kichwa kitapasuka. Daktari aliniandikia saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Lakini saa nane ndiyo wateja wamejaa, siwezi kuhesabu chenji na kichwa kile. Kwa hiyo cha pili nimekihamishia usiku kabla ya kulala. Niliona haina tofauti, maana dawa zote za kutwa mara mbili tunaambiwa tuache saa kumi na mbili katikati. Kichwa kikizidi namtuma mtu duka la dawa aniletee diklofenaki, nayo inanisaidia. Siku nikiwa na tenda ya shughuli, arusi au hitma, vidonge vya isosobidi sivigusi kabisa.

Vile vya ulimini navifunga kwenye pindo la kanga viwe karibu. Mwanzoni vilikuwa vinachoma ulimi na kichwa kinaniuma hapohapo. Siku hizi havichomi na kichwa hakiumi, nadhani mwili umeshavizoea. Ila juzi nilifungua chupa mpya, kifua kikanibana nikiwa natoa vitumbua, nikaweka kimoja ulimini nikaendelea. Nilishtukia niko chini, msichana anayenisaidia ananimwagia maji. Karai la mafuta lilikuwa pembeni yangu. Watu wakauliza, nikasema ni joto.

Sasa mwanangu. Kila mwezi anatuma pesa, na anasema kabisa, hizi ni za dawa za mama. Ananitumia sauti kwa WhatsApp usiku akishamaliza kazi, anauliza kifua kinaendeleaje. Namjibu nimepona, dawa nameza kama kinga tu. Baba yake alipofariki alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Aliacha masomo akarudi kukaa na mimi, na chuo hakurudi tena. Sasa hivi anajenga Pongwe, nyumba iko kwenye renta. Nikimwambia nimeanguka, namjua, atavunja mkataba arudi, na akivunja atadaiwa gharama walizompelekea. Sitaki aache kitu kingine kwa ajili yangu. Lakini usiku nalala nikijiona mwongo, nakula pesa ya dawa huku dawa sizimezi sawasawa.

Na Ramadhani inakaribia. Tangu nibaleghe sijawahi kula mchana wa Ramadhani ila kwa dharura zetu za wanawake. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mama kwetu sasa, ananiambia nifunge na vidonge niviache mwezi mzima, mwili upumzike, maana hata hicho cha ulimini kinafunguza. Na mwezi huo ndio msimu wangu wa biashara, kodi ya mwaka inatoka humo.

Naomba unisaidie kufikiri. Niache hizi dawa? Nifunge? Nimwambie mwanangu? Usitaje jina langu.

Mama Futari, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nilisimama pale kwenye karai la mafuta. Alhamdulillahi umeinuka salama.

Umeuliza maswali matatu, lakini naona yamefungwa na kamba moja. Unabeba ugonjwa huu peke yako. Daktari hajui kwamba umebadilisha saa za dawa. Msichana wako wa kazi hajui kwa nini ulianguka. Mwanao anaamini umepona, na dada yako anakushauri bila kujua hizo dawa zinafanya kazi gani mwilini. Kila mmoja ameshika kipande, na wewe unajaribu kuamua juu ya moyo wako katikati ya jiko na wateja. Mtu yeyote angechoka.

Niliwahi kuwa muuguzi kabla ya kazi hii ya ushauri, kwa hiyo nitakwambia ninayoyajua kuhusu dawa zako. Lakini sikukupima mimi, wala presha yako siijui, na kwenye kupandisha, kushusha au kuacha dawa mwenye neno ni daktari wako.

Tuanze na kichwa. Unaposema dawa inakutesa nakuamini kabisa. Maumivu ya kichwa ndiyo lalamiko la kwanza la watu wengi wanaotumia dawa za jamii hii, ziitwazo nitrati, na wako wanaoziacha kimyakimya kwa sababu hiyohiyo. Kichwa kinauma kwa sababu dawa inafanya kazi yake. Ikiingia mwilini inageuzwa kuwa gesi ya naitriki oksaidi, ambayo hulegeza mishipa ya damu. Mishipa inayorudisha damu moyoni ikilegea, moyo unapokea mzigo mdogo na kuhitaji hewa kidogo, na mishipa inayoulisha moyo wenyewe nayo inafunguka. Ndipo kifua kinapoachia. Lakini dawa haina macho ya kuchagua mshipa. Ya kichwani inapanuka, kichwa kinapwita. Ya usoni inapanuka, uso unawaka. Presha inashuka, ukisimama ghafla kizunguzungu kinakuchukua.

Kwa watu wengi kichwa hupungua baada ya siku kadhaa au wiki chache za kumeza dawa bila kurukaruka. Hapa nakuuliza kwa upole: wewe umewahi kuipa dawa hii nafasi hiyo? Kwa jinsi ulivyoeleza, wiki unameza, siku ya shughuli unaacha, kesho yake unaanza upya. Inawezekana unaufanya mwili wako uanze mwanzo kila mara.

Jambo hili lina historia ya zamani. Nitrogliserini hiyo unayoweka chini ya ulimi ndiyo iliyokuwa ikitumika kutengenezea baruti ya dainamaiti, aliyoivumbua Alfred Nobel wa Sweden mwaka 1867. (Usiogope, kidonge chako hakilipuki.) Wafanyakazi wa viwanda vile walikuwa wakiumwa sana kichwa siku ya Jumatatu. Katikati ya wiki kichwa kinatulia, wanapumzika Jumapili, Jumatatu kinarudi palepale. Miili yao ilikuwa inazoea na kusahau, inazoea na kusahau. Wapo waliokuwa wakipaka kidogo kwenye kofia zao siku za mapumziko ili wasije wakaumia tena Jumatatu. Na baadhi yao kifua kiliwabana siku walizokuwa mbali na kiwanda, kwa sababu mwili uliozoea kulegezwa mishipa ulinyimwa ghafla. Hilo la mwisho lishike, nitalirudia tukifika kwa dada yako mkubwa. Nobel mwenyewe alipougua moyo mwaka 1896 madaktari walimwandikia nitrogliserini hiyohiyo, na mwaka 1998 tuzo yenye jina lake walipewa wanasayansi watatu wa Marekani waliogundua kazi ya ile gesi ndani ya mishipa.

Kuzoea huku kwa mwili ndiko kunakoeleza saa za vidonge vyako. Umefikiri kama mtu yeyote angefikiri, kwamba kutwa mara mbili ni kila saa kumi na mbili. Kwa dawa nyingi ni hivyo. Nitrati ni tofauti. Ikikaa kwenye damu usiku na mchana bila kupungua, mwili unaizoea mpaka dawa haifanyi tena kazi iliyokusudiwa. Kwa hiyo madaktari huacha makusudi kipindi cha kama saa nane hadi kumi na mbili kila siku ambacho dawa imeshuka, na kwa watu wengi hicho ni usiku, wakati moyo umepumzika. Ndiyo maana ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Ulipokihamishia kidonge cha pili usiku, ulikiondoa kwenye saa zako za kazi nzito na wakati huohuo ukaziba ile nafasi ya mwili kupumzika. Inawezekana kabisa unapata maumivu ya kichwa bila kupata faida yote ya dawa, na hiyo ni hasara mara mbili. Nadhani hakuna aliyekueleza sababu. Daktari aliandika saa tu kwenye karatasi. Mgonjwa akielezwa sababu ya saa, anaweza kupanga na daktari wake saa zinazoendana na kazi yake. Zipo pia isosobidi zinazoachia dawa polepole, za kumeza mara moja asubuhi. Kipo kipimo cha kuanzia chini na kupanda taratibu. Na zipo dawa za jamii nyingine kabisa za anjaina ambazo haziumizi kichwa namna hii, ingawa nazo zina yake. Uliposema “niache hizi dawa?” ulikuwa unachagua kati ya kichwa na moyo. Mimi naona kuna njia nyingine katikati ambazo bado hujaonyeshwa, na hutaonyeshwa mpaka mtu wa kliniki asikie ukweli wa kichwa hiki.

Ile diklofenaki inanitia wasiwasi kuliko kidonge chenyewe. Inatuliza kichwa, ni kweli, na kwetu inauzwa dukani kama pipi. Lakini dawa za kundi lile huongeza hatari ya shambulio la moyo, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilielekeza diklofenaki isitumike kabisa kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo kama wako. Ukichanganya na ile asprini ndogo, tumbo nalo linaweza kutoa damu. Kwa kichwa cha nitrati, kinachotumika kwa kawaida ni parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa. Kabla hujamtuma mtu dukani tena, mwambie ataje kwamba mgonjwa ana tatizo la moyo.

Sasa siku uliyoanguka. Wewe unaiona kama joto, au kama aibu. Mimi naona mambo mawili yalikutana. La kwanza ni pindo la kanga. Nitrogliserini ya vidonge huharibika upesi kwa joto, mwanga na hewa. Inatakiwa ibaki ndani ya chupa yake ya kioo iliyofungwa vizuri, bila pamba, bila kuchanganywa na vidonge vingine, na chupa nyingi huandikwa zitupwe wiki 8 baada ya kufunguliwa. Vile vilivyokaa kifuani mwako mbele ya jiko la mkaa huenda vilikuwa vimeshakufa nguvu, na ndiyo sababu havikuuma kichwa. Ukachukua kutoka chupa mpya, chenye nguvu zake zote, ukaweka ulimini ukiwa umesimama kwenye moto. Hilo ndilo la pili. Kidonge kile kinashusha presha ndani ya dakika chache, na juu yake una dawa nyingine ya presha. Kwa hiyo unakaa kwanza, ndipo unaweka. Kama huna kiti, kaa chini, na usiinuke mpaka utulie. Kama kubeba chupa kunakupa taabu, ulizia ile ya kupuliza chini ya ulimi, haiharibiki haraka kama vidonge. Bei yake iko juu, na si kila duka wanayo.

Na kifua kisipoachia je? Utaratibu unaotolewa sana ni kukaa, kuweka kimoja, kungoja dakika tano, kuweka cha pili, na baada ya dakika tano nyingine kama bado kinabana, safari ya hospitali ianze hapohapo. Wapo madaktari wanaotaka mgonjwa aondoke mapema zaidi, kwa hiyo muulize wako. Maumivu yakikujia umepumzika, au yakizidi ya kawaida yako, au ukitokwa jasho la baridi, usikae kuhesabu vidonge. Msichana wako awe na namba ya dereva bajaji wa karibu.

Niruhusu nitoke kando kidogo kwa ajili ya wanaume wanaosoma barua yako, maana najua wako wenye vidonge hivihivi mfukoni. Nitrati haziendi pamoja na dawa za nguvu za kiume za aina ya sildenafil na tadalafil. Zikikutana presha huporomoka, na watu wamekufa. Baada ya sildenafil ni angalau saa 24 bila nitrati, baada ya tadalafil saa 48, na anayeanguka na kupelekwa hospitali aseme alichomeza hata kama shemeji amesimama hapo. Vinywaji na unga wa “asili” usimdanganye mtu. Mwanzoni mwa 2019 kinywaji kimoja cha kuongeza nguvu kutoka Zambia kilipimwa kikakutwa na sildenafil ndani.

Nirudi kwako, dada, kwenye Ramadhani. Hapa naenda taratibu, kwa sababu hili ni kati yako na Mola wako na mimi si shekhe. Nasikia uzito wa maneno “sijawahi kula mchana”. Kwa mtu aliyefunga maisha yake yote, kuambiwa asifunge ni kama kuondolewa kwenye safu ya swala watu wakiwa wamesimama. Lakini nitakupa mambo ya kupeleka kwa shekhe unayemwamini. Kidonge cha ulimini alichokitaja dada yako kilijadiliwa na wanazuoni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokaa Jeddah mwaka 1997, lilitaja waziwazi vidonge vya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu haya ya kifua na kusema havifunguzi, mradi mtu ajiepushe kumeza kinachofika kooni. Na Suratul Baqara, kwenye aya za 184 na 185, imemweka mgonjwa mahali pake: alipe siku nyingine, na asiyeweza atoe fidya ya kulisha maskini. Sikwambii lipi linakuhusu. Nakuuliza tu kama ruhusa iliyoshushwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe inaweza kuwa upungufu wa ibada.

Ushauri wa kuacha vidonge mwezi mzima ndio unaonitisha. Dada yako anakupenda, na neno “mwili upumzike” linaingia akilini. Ila kumbuka wale wafanyakazi waliobanwa kifua wakiwa mapumzikoni. Kuacha nitrati ghafla kunaweza kurudisha maumivu kwa nguvu. Na hata ukisema utameza cha kwanza kwenye daku na cha pili kwenye futari, tazama saa zako: cha daku kitakuwa kimeshuka ikifika alasiri, saa zilezile ambazo umeinamia makarai, koo limekauka, wateja wanapanga foleni. Mwili usio na maji, joto la mkaa na dawa za kushusha presha vinaweza kukuangusha tena. Wapo wagonjwa wa moyo waliotulia ambao madaktari huwaruhusu kufunga baada ya kupanga dawa upya, na wapo wanaokatazwa. Wewe uliyeanguka juzi na hujamwona daktari tangu hapo, hujui uko kundi gani. Hilo linajulikana kliniki, na ni vizuri lijulikane wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama.

Biashara ya futari siidharau, kodi hailipwi kwa dua pekee. Lakini je, lazima mikono yako ndiyo ikae motoni? Pishi ni lako, jina ni lako, wateja wanakuja kwa ladha yako. Msichana anaweza kusimama jikoni nawe ukakaa pembeni ukionja chumvi na kupokea pesa. Utamlipa zaidi, faida itapungua. Pengine wewe ndiye unayejua kama hesabu hiyo inabebeka.

Nimemwacha mwanao mwisho kwa sababu ndiye anayekukosesha usingizi.

Unasema hutaki aache kitu kingine kwa ajili yako. Alipoacha chuo, dada, ulimwomba wewe, au aliamua mwenyewe? Barua yako inasoma kana kwamba ulimnyang'anya kitu, na tangu hapo unalipa deni kwa kumficha mambo. Inawezekana yeye halioni deni hilo. Inawezekana pia analiona. Mimi sijui, na nadhani wewe pia hujui, kwa sababu hamjawahi kuliongea.

Una uhakika kwamba atavunja mkataba. Unamjua kuliko mimi. Lakini alikuwa binti wa chuo aliyefiwa na baba. Leo ni mwanamke anayejenga nyumba kwa jasho lake ugenini. Na kufika mwaka wa pili wa uuguzi si kitu kidogo. Huenda ndiye mtu pekee katika ukoo wenu anayeweza kusoma karatasi yako ya dawa, ukimpigia picha, na kukuuliza maswali ya maana.

Ukimwambia leo, kwa ghafla, na habari ya kuanguka ikatangulia, unaweza kumtia hofu akiwa kwenye nyumba ya watu, na uamuzi wa hofu ndio huo wa kupanda ndege. Ukingoja kwanza uonane na daktari, utampelekea habari yenye mpango ndani yake: saa zimebadilishwa, chupa iko mahali pake, safari ya Dar imepangwa mwezi fulani. Hiyo inabebeka zaidi, ila kungoja kunaweza kuwa kimya kingine kirefu, na wewe tayari una mazoea nacho. Unaweza pia kumwambia sehemu, kwamba dawa inakuumiza kichwa na unarudi kliniki, na la kuanguka ukaliacha kwa siku mtakayozungumza kwa utulivu. Kuna na njia ya kutomwambia kabisa. Nayo ina gharama zake, maana siku likitokea kubwa atalisikia kwa jirani, na atarudi nyuma kuhesabu kila sauti uliyomtumia ukisema umepona. Kaka yake wa Morogoro umempitia haraka kwenye barua. Hana pesa, sawa, lakini kusindikiza mama Dar es Salaam kunahitaji mtu zaidi ya pesa. Yeye anajua kiasi gani?

Neno lako la kujiita mwongo sitalichukua. Mtu anayekula pesa ya dawa hafungi vidonge kwenye kanga viwe karibu na moyo wake. Umekuwa ukijitahidi kwa maelezo uliyopewa, na maelezo yalikuwa machache.

Ukienda kliniki usiende na kichwa kitupu. Mwombe msichana akuandikie: unameza nini saa ngapi hasa, si saa zilizoandikwa, kichwa kinaanza baada ya muda gani, kifua kimebana mara ngapi wiki hii na ukifanya nini, siku uliyoanguka ulikuwa umemeza nini. Beba na vidonge vyenyewe, pamoja na hiyo diklofenaki. Sema kabisa kwamba unapika motoni na kwamba Ramadhani iko mbele. Daktari akiwa na haraka, mpe karatasi aisome. Na kabla ya hapo, hata leo jioni, mwonyeshe msichana chupa inakaa wapi na mweleze ni ya nini, maana ndiye atakayekuwa pembeni yako kifua kikibana tena.

Kisha niandikie alichosema daktari kuhusu saa za vidonge na funga, na mlichoongea na mwanao kama mtaongea. Wako kina mama wengi wenye pindo la kanga kama lako wanaosubiri kusikia.